Kahawa ya baraza la baba: shajara ya wiki tisa

Wiki ya 1, Jumamosi

Mzee wa kahawa wa mtaani kwetu amehamia Muheza kwa mwanawe. Goti lilikuwa likimsumbua, na kuzunguka Ngamiani, hapa Tanga, kila jioni na birika mkono mmoja, vikombe mkono mwingine, si kazi ya mwenye goti bovu. Wazee wa baraza la baba wamebaki kama watoto walioachishwa ziwa. Siku mbili wamekunywa chai ya rangi. Leo nimemsikia baba akisema chai ni ya kumezea dawa.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, na kati ya gauni na gauni huwa napata nafasi. Nimejipa wiki tisa, kabla Ramadhani haijaingia, niwe napika kahawa ambayo wazee wale wataimaliza. Nitaandika humu nyuma ya daftari la vipimo vya wateja. Mbele mna mabega na viuno vya watu, nyuma mtakuwa na kahawa.

Ninavyoikumbuka kahawa ya mzee: nyeusi, chungu, haina sukari. Tangawizi yake inawasha kooni, ulimi inauacha. Iliki inafika puani kabla kikombe hakijafika mdomoni. Na ukishameza, nyuma kabisa, kuna kitu kama karafuu kinabaki. Hicho ndicho ninachokitafuta hasa, hayo mengine nadhani nayaweza.

Nimekwenda sokoni Mgandini. Nimepata buni mbichi nusu kilo, aina ya arabika, ya Lushoto. Viungo nimenunua kwa mama mmoja wa Muheza ambaye mizigo yake inashuka kutoka milima ya Amani: iliki ya kijani, siyo ile iliyopaushwa na jua, karafuu, pilipili manga, na mdalasini wa gome jembamba linalovunjika kwa vidole viwili. Inachekesha kidogo. Wajerumani walipofyeka msitu Derema kule juu ya Muheza, miaka ya 1890, walichokitaka ni kahawa, nayo ikawashinda. Leo milima ileile inatuletea iliki na karafuu, na buni tunaifuata Lushoto.

Wiki ya 1, Jumapili

Kikaango cha kwanza. Jiko la gesi, moto mkubwa, gramu 250. Dakika ya sita buni imekuwa nyeusi, moshi umejaa ukumbini, nami nikajisifu kwamba kazi ni nyepesi. Nimesaga kwenye blenda, nimechemsha, nimeonja. Juu ina ladha ya mkaa, chini ina ladha ya majani mabichi. Nimezipasua punje tatu kwa kisu: nje nyeusi, ndani bado rangi ya udongo wa kichanga. Mandazi ya moto mkali huwa hivyohivyo.

Barazani sikupeleka.

Jambo baya zaidi ni kwamba ukumbini ndimo ninamoshonea. Gauni la bibi harusi lilikuwa limetundikwa mlangoni. Nimelianika uani mchana kutwa, nikalifukiza udi kidogo, na mwenyewe alipokuja akasema lina harufu nzuri. Sikusema neno. Kuanzia sasa kukaanga ni uani, tena upande ambao upepo wa bahari unapeleka moshi mbali na nyumba.

Wiki ya 2

Nimerudi kwenye jiko la mkaa. Moto wa wastani, kikaango kilekile cha bati, mwiko haupumziki. Gramu 250 tena. Naandika dakika kwa dakika maana hapa ndipo kwenye kazi.

Dakika nne za mwanzo hakuna kitu, buni inakauka tu na kutoa harufu ya nyasi zilizolowa. Ya sita inageuka njano, na harufu inakuwa ya mkate. Ya tisa inaanza rangi ya kahawia na kumwaga maganda membamba ambayo upepo unayabeba mpaka kwenye kanga za jirani (ameniambia, nimeomba radhi). Ya kumi na nusu nikasikia ta! Kisha ta, ta, kama bisi zinazoanza kuitika. Maji yaliyomo ndani ya punje yamegeuka mvuke na kuipasua. Mlio huo ukaendelea kama dakika mbili, ukanyamaza. Ya kumi na tano ukaja mlio mwingine, mwembamba na wa harakaharaka, kama njiti za kiberiti zikivunjwa. Punje zikaanza kung'aa mafuta. Dakika ya kumi na sita nimeipua.

Hapo hutakiwi kusimama. Punje ina joto lake la ndani, ukiiacha kwenye kikaango itaendelea kujikaanga yenyewe. Nimemwaga kwenye ungo nikapepeta nje mpaka ikapoa na maganda yakaisha.

Mizani: iliingia 250, imetoka 205. Gramu 45 zimekwenda na moshi, karibu 18 kwa mia. Hii hesabu nimeipenda. Rangi inadanganya, hasa jioni, lakini uzito unanieleza moto umekula kiasi gani. Kitambaa pia nakipima kabla na baada ya kukifua, kujua kimeruka kiasi gani.

Nimeitwanga kwenye kinu cha bibi. Blenda inapasha moto na inatoa unga wa aina mbili, vumbi na changarawe. Kinu nacho hutoa hivyohivyo usipokuwa na chekeche, ila chekeche ninalo.

Wiki ya 2, Ijumaa

Nimetia viungo kwa mara ya kwanza na nimeviharibu vyote. Lita moja ya maji, gramu 60 za kahawa, tangawizi mbichi iliyopondwa, iliki kumi, kipande cha mdalasini, pilipili manga tano, karafuu nne. Vyote sufuriani kwa pamoja, dakika ishirini. Nikapeleka barazani.

Niseme namna ninavyopokea majibu. Mimi barazani siketi, na wazee hawawezi kumwambia binti wa mwenzao kwamba kahawa yake mbaya. Kwa hiyo mjumbe wangu ni mtoto wa kaka yangu, ana miaka tisa na hajui kuficha, na vikombe vyenyewe. Kikombe kilichobaki na mashapo tu ni kizuri. Kilichobaki nusu kimetoa hukumu.

Leo vikombe saba vimekwenda, vitano vimerudi nusu. Mjumbe kasema: "Shangazi, babu mmoja amesema ganzi imemshika, sasa ang'olewe jino." Ni karafuu. Mafuta yake ndiyo yaliyokuwa yakitumika kutuliza jino, na ukizichemsha nne kwa dakika ishirini zinafanya kazi hiyohiyo ulimini. Iliki sikuisikia kabisa. Harufu yake yote iliishia jikoni, na jikoni kulinukia kweli.

Wiki ya 3

Nimeacha kupika kahawa siku nne. Napika maji ya viungo matupu, kimoja kimoja, kila kimoja na sufuria yake na muda wake. Mama anaona nimechanganyikiwa.

Tangawizi ndiyo iliyonifundisha zaidi. Nilidhani mbichi ndiyo kali na kavu ni ya wavivu. Sivyo. Mbichi ina ukali wa mbele, mdomoni, na harufu inayokaribia ndimu. Kavu haina ile harufu, ila inateremka na kukaa kooni. Tangawizi inapokaushwa, ule ukali wake, jinjeroli, unageuka kuwa shogaoli, na shogaoli inawasha zaidi. Koo la kahawa ya mzee lilikuwa la tangawizi kavu, sina shaka tena. Naiponda vipande vikubwa, siifanyi unga, maana unga unafanya kahawa iwe nzito kama uji na haichujiki. Gramu 4 kwa lita, dakika kumi.

Mdalasini unavumilia kuchemka, hauna matata. Pilipili manga tano zinatosha, saba tayari ni supu.

Iliki haitaki moto mrefu. Nimejaribu dakika kumi, tano, moja, na sufuri. Sufuri ndiyo bora: punje nyeusi za ndani zinatwangwa dakika hiyohiyo, zinatiwa sufuria ikiwa imekwisha kuipuliwa, na kifuniko juu. Maganda yake situpi, nayachemsha na tangawizi tangu mwanzo, yanatoa harufu ya chini kidogo. Iliki ya unga ya dukani nimeijaribu kwa haki tu. Nimeweka kijiko kizima na bado nilikuwa nauliza iko wapi.

Karafuu: moja. Kisha moja bila kichwa. Kisha moja niliyoitia dakika ya mwisho. Kila mara ni karafuu kweli, lakini iko mbele, imesimama mlangoni. Ya mzee ilikuwa nyuma. Sijui anaipitisha wapi.

Wiki ya 4

Mpangilio mpya: maji kidogo zaidi ya lita, kwa kuwa yanapungua; tangawizi, mdalasini, pilipili manga na maganda ya iliki, dakika kumi; kahawa gramu 60; iache ipande mara tatu, kila ikipanda naiondoa motoni; kuipua; punje za iliki na karafuu moja; kufunika dakika tano; kunyunyizia maji baridi kijiko kimoja ili mashapo yatue; kuchuja kwa kitambaa. Kitambaa ni marekani nyeupe niliyoifua mara tatu bila sabuni. Mabaki ya marekani ninayo mengi.

Vikombe saba, viwili vimerudi nusu. Baba amesema "si mbaya." Kwa baba hilo ni pongezi, lakini si lile nililolitaka.

Wiki ya 4, Alhamisi

Maji ya bomba hayajatoka tangu jana. Nimetumia ya kisima cha jirani. Vipimo vilevile, kahawa ileile ya juzi, mkono uleule. Imetoka bapa, kama imepoozwa. Ule uchachu mdogo wa Lushoto umepotea na tangawizi imekuwa kama ya mtu mwingine. Nimeonja maji yenyewe baridi: yana chumvichumvi, kama visima vingi vya huku karibu na bahari. Kuoshea vyombo ni sawa. Nimeweka ndoo moja ya maji ya bomba yenye mfuniko, imeandikwa KAHAWA kwa chaki ya kushonea, na atakayechota mimi na yeye.

Wiki ya 5

Dele la bibi, yaani birika lake la kahawa. Nilitaka mambo yaende kwa heshima: dele la shaba, mkaa chini, siyo chupa ya chai yenye maua. Nimelisugua kwa ndimu na majivu mpaka limeng'aa, kisha nikachungulia ndani kwa tochi. Bati la ndani limechubuka, shaba inaonekana, na pembeni kuna ukijani. Kahawa ni chachu, ikikaa kwenye shaba tupu inakula shaba, na wazee wangu wana matumbo ya kutosha kuwasumbua. Limekwenda kwa fundi kutiwa bati upya. Alisema siku tatu. (Hii ni wiki ya sita ninaposoma tena, na zile siku tatu bado hazijaisha.)

Hivyo ni chupa ya chai yenye maua. Na si vibaya. Nimegundua kahawa inayokaa juu ya mkaa saa nzima inazidi kuungua na kuwa kali ya ovyo, na mafuta ya iliki yanaruka. Kwenye chupa inakaa saa moja na nusu vizuri. Ila chupa iliyowahi kutiwa chai ya maziwa haifai hata ukiisuguaje. Nimenunua mpya.

Kashata nazo: karanga zilizokaangwa, sukari iliyoyeyushwa bila maji, iliki, kumwaga kwenye ubao uliopakwa mafuta, kukata kabla haijakauka. Hakuna la kuandika, mama anazitengeneza amefumba macho.

Wiki ya 6

Nimejaribu buni ya Bukoba. Ni aina ya robusta, punje ndogo za mviringo, na kafeini yake karibu mara mbili ya arabika. Niliikwepa kwa sababu ya majivuno, kila mtu anasema arabika ndiyo kahawa. Nimechanganya nusu kwa nusu.

Mwili umekuja. Hiki ndicho kilichokuwa kimekosekana. Ile arabika peke yake inakubali viungo kwa upole mno, inavipisha, mwishowe unakunywa maji ya tangawizi yenye rangi. Robusta inashindana navyo. Povu nalo limeongezeka, na mzee alikuwa na povu kila alipomimina kwa mbali.

Kikombe kimoja tu kimerudi nusu, na mjumbe anasema mwenye kikombe aliitwa simu. Tatizo: wazee wawili wamelalamika kwamba hawakulala. Nimesogeza muda wa kupeleka, zamani ilikuwa baada ya isha, sasa ni baada ya alasiri.

Wiki ya 7

Hakuna kipya. Sare za shule zimenijia nyingi. Nimepika mara mbili tu, kwa vipimo vya wiki iliyopita. Karafuu bado iko mlangoni.

Wiki ya 8, Jumapili

Mzee wa kahawa amekuja Tanga kwenye harusi ya jamaa yake na amepita barazani kuwasalimu wenzake. Sikuambiwa. Nimepeleka kahawa kama kawaida, na mjumbe amerudi mbio: "Shangazi, mwenyewe yupo!" Mwenyewe nani? "Mwenyewe wa kahawa!"

Nimekaa jikoni kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Vikombe vinane vimerudi, vyote mashapo matupu, na kimoja kimegeuzwa kifudifudi kwenye kisahani, sikujua maana yake. Kisha nikasikia hodi mlango wa uani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Nionyeshe kikaango."

Sikutegemea. Nilidhani ataulizia viungo. Nimempa kikaango, akakigeuza, akagonga chini kwa kidole, kikalia kama debe.

"Chembamba. Hiki kinakukimbiza wewe. Tafuta chuma kizito, ukipashe kwanza mpaka kitulie, ndipo utie buni. Hapo wewe ndiye utakayeiongoza. Na ulikaanga zote pamoja, za Bukoba na za Lushoto?"

Ndiyo, zote pamoja.

"Hazilingani ukubwa, hazilingani ugumu. Moja inaungua ikimsubiri mwenziwe. Kila moja kivyake, mchanganye kinuni."

Nikaona nimepata nafasi yangu. Nikamuuliza karafuu anaitia saa ngapi.

Akanitazama. "Karafuu? Karafuu sijatia maisha yangu. Karafuu inaua iliki."

Nikamwambia ile ladha ya nyuma, ukishameza. Akacheka mpaka akashika goti. "Hiyo ni kahawa, mwanangu. Ya Bukoba, ikaange polepole, uikaribishe kwenye mlio wa pili usiipitishe. Yenyewe inatoa hiyo. Wewe unaifunika kwa karafuu, halafu unaitafuta."

Nusu ya daftari hili nimeandika habari za karafuu.

Kabla hajaondoka nimemuuliza kile kikombe kilichogeuzwa. Akasema, "Ni changu. Nimetosheka, nisiongezwe," akatoka, na hakunifafanulia ametosheka kwa namna gani. Nimemuuliza baba. Baba amesema mzee alikunywa vitatu.

Wiki ya 9, Jumatano

Nimeazima kikaango cha chuma kwa shangazi, kile anachopikia chapati, kizito mpaka mkono unauma. Ametoa kwa masharti: nikirudishe hakina harufu. Sidhani nitaweza, nitamshonea dera.

Robusta peke yake, gramu 250. Nimekipasha kikaango dakika tano kikiwa kitupu. Mlio wa kwanza dakika ya kumi na mbili, taratibu, hausukumwi. Mlio wa pili umeanza ya kumi na nane. Nimeipua kwenye njiti ya tatu au ya nne, sikungoja wimbo mzima. Imetoka 203. Arabika baadaye, gramu 150, nimeiachia kabla ya mlio wa pili, ikatoka 127.

Nimeziacha kwenye kopo lenye mfuniko usiobana sana mpaka kesho. Kahawa iliyotoka motoni inatoa hewa, ukiipika siku hiyohiyo povu linajaa na ladha inakuwa ya moshi. Ila kwa joto na unyevu wa Tanga siiachi zaidi ya wiki, inachuja. Nakaanga kidogokidogo.

Wiki ya 9, Alhamisi

Robusta gramu 35, arabika 25. Tangawizi kavu 4. Mdalasini kipande cha urefu wa kidole gumba. Pilipili manga tano. Iliki nane, maganda mwanzo, punje mwisho. Karafuu sufuri. Maji ya ndoo yenye chaki.

Nimeonja kabla ya kufunga chupa. Nimemeza, nikasubiri. Ikaja, nyuma kabisa, kule ilikokuwa ikikaa.

Mjumbe ameondoka na chupa na vikombe baada ya alasiri. Sasa hivi maghribi inaadhiniwa na hajarudi na kitu.